Hatua Mia Tatu za Ufagio

Molletambo, 6 Aprili 1983

Nélida binti yangu,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Kaka yako Leoncio alitaka kuniandikia yeye, nikamwambia kaa na sululu yako, barua ya jambo kubwa huandikwa na mwenye jambo. Herufi zangu ni kubwa kama maboga na zinapanda mlima, lakini zinasomeka. Nilisoma miezi saba tu, na mwalimu alisema hajapata kuona mtoto anayekandamiza kalamu kama mimi.

Mto haukuja. Januari tuliungoja, Februari tuliungoja. Machi tulipeleka chupa ya maji ya bahari juu ya Mlima Mweupe tukaimwaga mchangani kama wazee walivyofanya, na aliyeibeba ni mimi, mwenye miaka sabini na minne, huku vijana wamekaa njiani wanahema. Mto haukuja. Sasa tunaishi kwa maji ya handaki la kale la chini ya ardhi peke yake, nayo katika Jicho la Chini, kisima cha mwisho cha kulishukia, yananifika kwenye kifundo cha mguu. Mwaka jana yalikuwa gotini. Tumebaki nyumba kumi na mbili. Septemba ndiyo kupanda pamba na maharage. Ikifika Septemba maji yako hivi, watu watafunga mizigo, na wa kwanza atakuwa Leoncio, maana mkewe Ubaldina ameshaanza kuulizia kazi za mgodini Marcona. Patabaki mbwa.

Basi tukakaa mkutano. Don Eudocio Huarcaya, mgawa maji, unamjua, anatembea kama mtu ambaye maji yanatoka mfukoni mwake. Akasema tusafishe handaki, tupunguze zamu, tungoje. Akasema juu ya Jicho Mama asiguse mtu, maana hapo ndipo maji yanapoingia na hakuna aliye hai anayejua wazee walijengaje chini yake.

Nikasimama. Nikasema, jamani, mnalala juu ya kitabu na hamjui kukisoma.

Eudocio akasema, "Tipacti, juzi tangazo la punda ulisomewa na mkwe wako."

Watu wakacheka. Nikawaacha wacheke. Kisha nikawaambia: matangazo ni maandishi ya makarani, mimi nasoma maandishi ya wenye nchi. Ile pembetatu kubwa waliyoichora wa kale pampani, kwenye uwanda wa mawe meusi, kitako chake kipana kinatazama mashamba na ncha yake inatazama mlima. Pembeni yake kuna mchoro uliojizungusha kama mkia wa nyani. Huo ni nini kama si jicho la handaki, vile macho yetu yanavyoshuka kwa kuzunguka? Na kwenye ncha unatoka mstari mwembamba mmoja, unavuka pampa moja kwa moja hadi mdomo wa korongo, juu kidogo ya Jicho Mama. Pembetatu ni mkono, mstari ni kidole. Kidole kinasema chimba hapa.

Na nani anaujua mstari ule kuliko mimi? Mwaka 1955 niliufagia mwenyewe, miezi minne, na yule mpimaji Mdenmaki aliyetuajiri kuisafisha michoro, Bwana Rasmus. Wafagiaji tulikuwa tisa. Alikuwa akisema, Tipacti ndiye mwenye jicho.

Sasa, wewe unachora ramani katika ofisi ile yenye picha zilizopigwa na ndege. Nichoree pembetatu na mstari wake mpaka mwisho, kwa wino, uweke na muhuri. Nataka nimfunge mdomo Eudocio.

Dereva wa lori la zabibu ataileta hii. Mpe chai.

Baba yako,
Teófanes Tipacti


Lima, 21 Aprili 1983

Baba mpendwa,

Naomba baraka zako. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni na dereva akiwa bado anakunywa chai. Nimefurahi, halafu nikaingiwa na wasiwasi, na vyote viwili bado ninavyo.

Karatasi uliyoitaka imo humu. Nimenakili kutoka kwenye picha mpya kabisa, ya mwaka juzi, wakati mkubwa wangu, Daktari Saldívar, ametoka kula. Pembetatu ipo, mzunguko upo, na mstari, ndiyo, unatoka nchani na kufika mdomoni mwa korongo juu ya Jicho Mama, kama ulivyosema. Muhuri ni wa tarehe tu, Baba, ule tunaogonga kwenye kila karatasi. Si idhini ya mtu.

Sasa nisikilize, na usiruke sehemu hii. Hapa ofisini kuna watu wameitazama michoro hiyo miaka thelathini na hawajakubaliana. Mmoja anasema ni njia za kutembea wakati wa sala. Mmoja anasema ni nyota. Daktari Saldívar anasema ni maji, lakini hata yeye hajawahi kumwambia mtu achimbe. Hakuna anayejua, Baba. Kabla ya kupiga sululu hata moja karibu na Jicho Mama, nendeni mjini mkamwombe fundi wa maji aje apime. Don Eudocio ni mgumu, ila katika hili simwoni kama mpumbavu.

Mwambie Ubaldina nimepata kitambaa chake cha bluu. Kunywa dawa ya kifua.

Binti yako,
Nélida


Molletambo, 15 Mei 1983

Nélida,

Ungekuwepo. Niliingia mkutanoni karatasi yako nimeikunja ndani ya kofia, nikawaacha waseme kwanza. Eudocio akasema yake, ya kungoja. Ndipo nikaitoa. Nikasema, hii imetoka Lima, imechorwa kutoka mbinguni na binti wa nyumba hii hii, muhuri huu hapa. Wakaizunguka kama kuku na punje. Na barua yako niliisoma kwa sauti yangu mbele ya watu wote, mpaka pale uliposema mstari unafika mdomoni mwa korongo kama nilivyosema. Baada ya hapo mwanga ukawa mbaya, nikaikunja.

Eudocio akasema, "Sawa, mstari umefika. Nani kakwambia ni mstari wa maji?"

Nikamuuliza, "Na wewe nani kakwambia ni wa mbuzi?"

Kikazuka kicheko hicho, mpaka mama Pascuala akashika mbavu. Na wewe unawajua watu wa huku, mkutano ni wa yule aliyechekesha mwisho. Mikono ikainuliwa, kumi kwa mbili. Hao wawili ni Eudocio na shemeji yake, ambaye anaogopa kukosa chakula cha jioni.

Tumeanza Jumatatu ya pili ya mwezi. Tumemwaga pombe ya miwa kwenye pembe nne, tumezika majani ya koka, tumekatazana kupiga mluzi shimoni. Leoncio anachimba, wengine wanavuta ndoo. Tuko mita sita, na udongo umeanza kuwa na baridi. Mimi nakaa juu nawaelekeza. Eudocio anakuja kila asubuhi, anasimama mikono nyuma, anatazama, anaondoka. Jana alisema neno moja tu, "Mko karibu mno na Jicho Mama, Teófanes." Nikamwambia karibu na mama ndiko kwenye maziwa.

Ubaldina ananiambia, "Baba mkwe, ukikosea hapa utanibebea maji kutoka mjini kwa masikio yako." Namwambia aandae mitungi.

Karatasi nimeigongomea mlango wa shule ili kila apitaye aione. Watu wa Pongo Chico, bonde la jirani, waliokuja kununua mbuzi waliitazama kwa muda mrefu sana. Mmoja alitoa kalamu.

Fundi wa maji wa mjini ni mtu wa ofisini, ana viatu vya kung'aa. Hatumhitaji.

Baba yako,
Teófanes Tipacti, anayeitwa sasa Injinia na kitongoji kizima


Lima, 9 Juni 1983

Baba,

Simamisheni kuchimba. Naandika hilo kwanza ili mwanga usiwe mbaya kabla hujalifikia.

Nilitaka kukufurahisha. Nilisema nitakuchorea ramani nzuri zaidi, kubwa, uitundike ukutani, kwa hiyo nikashuka ghalani kutafuta picha zote za pampa ile. Kuna moja ya zamani, ya mwaka 1947, ya kwanza kabisa iliyopigwa na ndege upande wenu. Pembetatu ipo. Mzunguko upo. Mstari unatoka nchani, unavuka pampa, na unaishia kwenye rundo la mawe. Pale, Baba. Hauendelei. Kutoka kwenye rundo lile mpaka mdomoni mwa korongo ni pampa tupu, nyeusi, mawe matupu. Nimeweka kioo cha kukuzia mpaka macho yakatoa machozi. Nimepima: ni hatua kama mia tatu.

Halafu kuna picha ya 1958. Katika hiyo mstari unafika korongoni.

Kati ya miaka hiyo alipita Bwana Rasmus na wafagiaji wake. Daftari lake liko hapa ghalani, linaandika nani alifagia nini. Mbele ya mstari huo ameandika jina moja.

Sikuulizi ili kukuaibisha. Nakuuliza kwa sababu mimi nilichora kile nilichokiona kwenye picha mpya bila kutazama ya zamani, mtu wa kazi yangu hafanyi hivyo, na sasa kuna watu shimoni kwa mchoro wangu. Nimempa barua hii dereva wa basi la moja kwa moja, nimemsihi asiilalie. Nijibu upesi.

Nélida


Molletambo, 11 Juni 1983

Nélida binti yangu, maji.

Nakaa chini niandike huku mikono bado ina matope. Leo saa nne asubuhi, mita kumi na moja, Leoncio alipiga sululu ubavuni mwa shimo upande wa chini, pakatoa sauti ya mtungi, akaita, "Baba, hapa pana uwazi." Akapiga tena na maji yakamrukia kifuani. Maji safi, baridi. Ndani ya nusu saa yalikuwa kiunoni. Mtu mzima yule alikuwa analia shimoni na anatucheka sisi tulio juu kwa pamoja.

Wamenibeba. Mimi sikutaka, lakini walinibeba, wakanizungusha Jicho Mama mara tatu, Injinia, Injinia. Ubaldina alinibusu mkono mbele ya watu. Nikamwambia masikio yangu je, akasema masikio yako ni ya dhahabu. Mama Pascuala amechinja mbuzi, kuna maharage mapana na viazi vitamu, kuna divai changa ya kwa Ormeño ambayo ni kali kuliko mkewe.

Na Eudocio alikuja. Nilimngoja hapo. Nikamchotea mwenyewe kwa kopo langu, nikasema kunywa, mgawa maji, ugawe na haya. Akanywa taratibu, akayaweka mdomoni muda mrefu kama mtu anayeonja divai. Akasema, "Haya nayajua." Basi. Akanirudishia kopo. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote utakazosikia zikitoka kwa mtu yule.

Mwambie huyo Daktari wako kwamba miaka thelathini ya kutazama picha imejibiwa na mtu wa miezi saba ya shule. Asione aibu kuja kuniuliza, nitamfundisha.

Eudocio ameenda kulitazama Jicho la Chini, anasema limenyamaza. Yeye hata arusini hutazama dari.

Baba yako mwenye furaha,
Injinia Teófanes Tipacti


Molletambo, 3 Julai 1983

Nélida,

Barua yako ya tarehe tisa ilifika tarehe kumi na nane. Dereva anasema gurudumu.

Picha yako ya zamani ina vumbi. Ndege ile ilipita mbali, au ilipita saa sita mchana wakati pampa haina vivuli na mistari yote inalala. Mimi nilifagia kilichokuwepo. Mstari haujakosea. Ukitaka kujua nani amekosea, ni sululu.

Nitakueleza, kwa sababu utasikia kwa wengine na watakueleza vibaya. Yale maji hayakuwa mapya. Tuliloligonga ni handaki lenyewe, mkono wake wa kale unaopita chini ya korongo, ambao hakuna aliyejua kwamba upo. Tulitoboa ukuta wake. Siku tatu maji yalisimama kiunoni tukayashangilia, na siku ya nne yakaanza kushuka, na siku ya saba shimo lilikuwa na matope. Leoncio akaingia na kibatari akaona. Wazee walikuwa wameweka sakafu ya udongo wa mfinyanzi, mnene kama mkono wangu, na chini ya ule udongo ni changarawe tupu, kavu, haina mwisho. Shimo letu limeupasua ule udongo. Maji yakifika pale yanazama. Unayasikia. Yanalia kama mtu anayegugumia.

Jicho la Chini limekauka. Jicho la kati limekauka. Punda wanaingia na kutoka.

Tumeziba kwa udongo, ukaondoka. Tumeziba kwa magogo ya mti wa huarango na ngozi za kondoo na udongo juu yake, ikakaa siku mbili. Leoncio amesimama mle ndani mchana kutwa akiukingia ufa mgongo wake ili wenzake wabandike udongo pembeni, ametoka na midomo ya bluu, hasemi na mimi. Fundi wa maji wa mjini tulimleta, amevua viatu vyake, ameingia, ametoka. Akasema mashine ya kuziba kitu kama hiki iko Lima na ina orodha. Akaniuliza nani alichagua mahali. Watu wote wakatazama chini. Wangenitazama mimi ingekuwa afadhali.

Nilimngoja Eudocio aseme. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake nikasema, haya, sema. Akasema, "Niliyaonja, Teófanes. Nikajua ni yetu. Nilitakiwa kupiga kelele siku ile ile, lakini watu walikuwa wanacheza." Kisha akanipa kiti. Sikukaa.

Sasa usiniulize tena habari ya rundo la mawe.

Teófanes Tipacti


Lima, 18 Julai 1983

Baba mpendwa,

Nimesoma barua yako kazini na imenibidi nitoke nje.

Nilikwenda kwa Daktari Saldívar. Nilimweleza yote: kwamba nilinakili bila ruhusa, kwamba mmechimba, kwamba handaki limepasuka. Nikamwekea picha mbili mezani, ya 1947 na ya 1958, na daftari la Bwana Rasmus. Nilijua atanifukuza na nilikuwa tayari. Hakunifukuza. Alitazama picha ya zamani akasema haikupigwa vizuri. Maneno yako yale yale, Baba. Akasema katika makala yake inayochapwa mwezi ujao mstari huo ndio ushahidi wake mkubwa, ndio unaounganisha michoro na maji. Akasema, "Na maji si waliyakuta? Handaki lilikuwepo, mahali pale pale mstari unapoelekea." Macho yake yaling'aa. Nikamwambia ukichimba mita kumi na moja popote karibu na Jicho Mama utaligonga handaki, mstari uwepo usiwepo. Akanitaka niende nikamalize kazi yangu.

Kuhusu mashine, nimeandika maombi. Ofisi ya kwanza ikanipeleka ya pili, ya pili imesema kitongoji cha nyumba kumi na mbili hakimo kwenye mpango wa mwaka huu wala ujao. Nitarudi tena Jumatatu. Narudi kila Jumatatu.

Njoo ukae na mimi. Kuna chumba, ni kidogo lakini kina dirisha. Kama hutaki kuja, basi niandikie ukweli tu. Mtu mmoja awe nao kwa maandishi. Labda neno lako litafaulu pale daftari liliposhindwa.

Nakuomba msamaha kwa karatasi ile. Bila muhuri wangu wasingekuamini.

Nélida


Molletambo, 28 Agosti 1983

Binti yangu,

Huniombi msamaha wewe. Bila muhuri wako ningechora mwenyewe kwa mkaa na wangeniamini vile vile, ninavyojua kusema.

Leoncio ameondoka. Wamekwenda Marcona tarehe kumi, yeye na Ubaldina na watoto. Ubaldina aliniachia mitungi yake yote sita, akaipanga ukutani imegeuzwa chini juu. Alisema, "Baba mkwe, sikukasirikii." Ningetaka atukane. Mama Pascuala amekwenda kwa dada yake. Tumebaki nyumba tatu, ya Ormeño, ya Eudocio na yangu. Lori la maji linapita kila Alhamisi likikumbuka.

Ulitaka kwa maandishi. Haya.

Ilikuwa siku za mwisho za kazi ya Bwana Rasmus. Yeye alikuwa na homa, amelala hemani, akaniambia, Tipacti, ufuate mstari ule mpaka uishe, kisha nenda nyumbani. Niliufuata. Kufagia kwenyewe ni hivi, unaondoa vijiwe vyeusi vya juu, na chini kunatokea ardhi nyeupe, ndio mstari. Mistari ya kale ilikuwa imejaa mawe ya upepo, unaitambua kwa shida, unapiga magoti, unaweka shavu chini jua likiwa upande. Nilifika kwenye rundo la mawe. Pale ukawa hafifu. Nikaweka shavu, sikuona. Wafagiaji wengine nane wangerudi hemani waseme umeisha. Mimi sikuwa mtu wa kusema sioni. Nikafagia kidogo mbele ya rundo, na chini nikakuta weupe. Nikasema, huu hapa. Nikafagia tena, weupe. Kila nilipofagia uliendelea. Nilifurahi sana, Nélida. Nilifagia mchana kutwa nikiimba.

Pampa yote chini ni nyeupe. Ukifagia pale alipolala mbwa utapata mstari.

Jioni nilifika mdomoni mwa korongo, nikageuka nyuma kuutazama. Ulikuwa umenyooka kama uzi. Na upande ulikoelekea palikuwa na nyumba yetu ya zamani, ile iliyokuwa juu ya Jicho Mama, na moshi wa mama yako unapanda, na wewe mgongoni mwake. Kumbe nilikuwa naelekea nyumbani. Nilikuwa na njaa nikaelekea nyumbani na ufagio mkononi, basi.

Nililijua jambo hilo jioni ile? Nililijua kama mtu anavyolijua jino lililooza, anakula kwa upande mwingine. Kesho yake Bwana Rasmus akaja akapima, akanipiga begani mbele ya wote, akasema mwenye jicho. Baada ya hapo nilikula kwa upande mwingine miaka ishirini na minane, mpaka nikaamini kwamba jino ni zima. Niliposimama mkutanoni Aprili sikuwa nadanganya. Ninakuapia. Ningepimwa moyo ungekuta safi.

Nilipopata barua yako ya Julai nilisema nitaufuta. Nilioufanya kwa mikono nitauondoa kwa mikono. Nilikwenda na ndoo, nikachukua vijiwe vyeusi pembeni nikavirudisha juu ya mstari. Si rahisi. Kila jiwe lina upande mweusi uliochomwa na jua na upande mweupe uliolala, na ukiliweka lazima weusi uwe juu, moja moja. Siku sita nimefunika hatua kumi na nne. Siku ya saba akaja mlinzi wa pampa na pikipiki, Cabezudo, yule mnene. Akaniambia, "Mzee, unaharibu kitu cha miaka elfu mbili."

Nikamwambia, "Hiki kina miaka ishirini na minane, ni rika lako. Nimekifanya mimi."

Akanitazama. Akasema, "Don Teófanes, wewe pia ndiye uliyebeba bahari juu ya mlima, na ndiye uliyemfundisha Mdenmaki kupima, na ndiye uliyemshinda ngumi bingwa wa Ica. Nimekuwa nikikusikiliza tangu nikiwa na kaptula. Shuka nyumbani."

Nikamwapia. Nilishika mkono wake. Akasema safari nyingine atanipeleka kituoni, akapiga simu ya upepo, wakaja wawili zaidi, wakatumia asubuhi nzima kuondoa vijiwe vyangu kimoja kimoja kwa brashi laini. Wameusafisha mpaka unang'aa kuliko nilivyouacha mimi. Wameweka na kamba na kibao.

Nilimwendea Eudocio nikamwambia twende ukanishuhudie. Akasema, "Mimi nakuamini. Lakini mimi ni adui yako miaka arobaini, wataona nakukomoa."

Sasa sababu ya barua hii. Leo asubuhi wamekuja watu wanne wa Pongo Chico, na sululu na kamba na magogo. Wanayo nakala ya karatasi yako, ile iliyonakiliwa mlangoni mwa shule. Habari kwamba tuligonga maji iliwafikia Juni ile ile. Ya kukauka haikuwafikia, au imewafikia na hawataki kuiamini, kwa sababu handaki lao nalo limebaki na maji ya kifundo cha mguu. Huo mstari, wanasema, hauishii kwenye shimo letu, unaruka korongo na kuelekea kwao, juu ya Jicho Mama la Pongo Chico. Wameupima kwa kamba. Wameunyoosha wenyewe. Wamekuja kumwomba Injinia awape baraka.

Niliwaambia yote niliyokuambia wewe. Niliwaambia habari ya njaa na moshi. Niliwapeleka mpaka shimoni nikawaambia tegeni sikio, msikie maji yanavyozama. Walisikiliza kwa adabu, kofia mkononi. Yule mkubwa wao, mwenye kidevu kilichopasuka, akasema, "Mzee, tunaelewa. Hata sisi tungekuwa na maji mengine tusingewaambia majirani." Mwingine akacheka akasema, "Mchoyo kama watu wa huku walivyo." Nikapiga magoti, Nélida. Mimi. Wakaninyanyua, wakanifuta vumbi, wakaniita baba.

Wamevuka korongo saa tatu. Sikuweza kuwakimbiza. Eudocio ametembea kwenda Pongo Chico kwenyewe, chini kabisa ya bonde lao, kutafuta mgawa maji wao, ni mwendo wa saa tano kwa mguu mzima na yeye ana mguu mmoja na nusu. Wewe huko usiache kwenda Jumatatu. Mwambie Daktari, hata kama atacheka, mwambie kila siku.

Mimi nilichukua fimbo nikawafuata mpaka ng'ambo. Nimekaa kwenye jiwe hapa pembeni yao, ndipo ninapokuandikia. Wanachimba vizuri, wana nguvu, wamefika mita mbili kabla ya chakula. Nimewaambia waache. Nimewaambia tena. Wananipa kikombe cha divai, wananiuliza kama udongo uko sawa. Sasa hivi aliye shimoni amechimba ukuta ukiwa umesimama wima, na udongo wa hapa ni mlegevu, utamwangukia. Imebidi niwaonyeshe jinsi ya kuegemeza magogo.

Baba yako,
Teófanes Tipacti